Kiduha cha Jumapili ya Matawi

24 Novemba 2024, Kinyangiri

Daftari hili lilikuwa la majina ya mbuzi. Mbuzi wamebaki watatu na majina yao nayakumbuka, basi kurasa zilizobaki nachukua mimi. Nina miaka sabini na sita, darasa la nne, meno kumi na moja. Mke wangu Rahabu hawezi kusoma mwandiko wangu. Mimi mwenyewe kukicha hunisumbua kuusoma. Kwa hiyo hapa siri zitakaa salama.

Leo baada ya misa Damari alipiga simu ya picha kutoka Marekani. Damari ni kitinda mimba wetu. Ni daktari, lakini ukiumwa tumbo usimwendee, yeye anatibu mtama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko hamna ugali?"

"Baba, nisikilize. Mkataba wangu hapa chuoni unaisha mwisho wa Aprili. Nataka kuomba kibali cha kukaa. Kuna njia ya watu wenye uwezo usio wa kawaida."

"Wale wa kuruka na ungo?"

"Baba!"

"Si umesema uwezo usio wa kawaida? Hapa kijijini ninao wawili, nikutajie?"

Akacheka, nami nilitaka acheke. Kisha akatueleza taratibu, mimi na mama yake, vichwa vyetu vikigombania kioo kile kidogo. Ni njia ya wanasayansi, wasanii, wachezaji, watu waliofika mbali katika kazi zao. Huhitaji mwajiri akuombee, unajiombea mwenyewe. Ila lazima ulete ushahidi. Kuna orodha ya mambo kumi, tuzo, maandiko, kusahihisha kazi za wenzako, na kadhalika, na angalau matatu uwe nayo. Hata ukiwa nayo, bado wanaangalia kama kweli wewe ni mmoja wa wachache walio juu kabisa.

Rahabu akauliza kama kupika ugali wa watu sitini msibani kumo. Damari akasema hakumo. Rahabu akasema basi hao wazungu hawajui kazi.

"Nguzo yangu kubwa ni ile mbegu ya mtama, namba saba," Damari akasema. "Lakini kuna profesa ameandika kwamba kwake namba saba iliota kiduha, gugu lile lile ninalosema inalizuia. Wakili anataka barua kutoka kwa mtu aliyetunza shamba la majaribio, aseme lilitunzwa kama nilivyoagiza."

"Ni nani huyo mtu?"

"Si wewe, baba?"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Halafu nikaendelea kukohoa wakati kicheko kimeshaisha, maana sikujua nifanye nini na uso wangu.

25 Novemba

Sijaandika.

2 Desemba

Mawingu yamekuja, yamechungulia, yameondoka. Kama wakwe.

Sasa niandike, maana nikiendelea kuinyamazia siri hii nitaitapika mbele ya watu.

Kiduha ni gugu lisilo na haya. Halijitafutii chakula, linanyonya mizizi ya mtama chini ya udongo, na ukija kuliona limetoa vimaua vya zambarau, ujue limeshakula mavuno yako. Kwetu shamba lenye kiduha ni aibu. Watu wanasema mwenyewe mvivu, au ana mkono mbaya, au kuna kitu alimfanyia baba yake.

Mwaka 2018 Damari alileta mbegu kumi na mbili, akazipanda kwenye shamba langu la njiani, kila mbegu mstari wake, kigingi na namba. Alipanda pia vijiji vya Sepuka na Mkiwa. Akaniambia, "Baba, palilia kila kitu ila kiduha. Kiduha usikiguse hata kidogo mpaka nije nihesabu." Nikamwambia sawa mwanangu. Mwaka ule Sepuka shamba lilizama, Mkiwa waliingia ng'ombe. Likabaki langu.

Sasa ile njia ndiyo inayopita maandamano ya Jumapili ya Matawi kwenda kanisani. Parokia nzima, kwaya, wageni wa vigango vingine, wote wanapita pembeni ya shamba langu kwa mwendo wa kinyonga wakiimba. Na mstari wa kwanza kabisa kando ya njia, uliochomekwa kigingi namba saba, ulikuwa umechanua zambarau kama kitambaa cha Kwaresima.

Jumamosi yake niliingia nikang'oa. Mstari ule mmoja tu, ule unaoonekana. Iliyobaki nyuma niliacha, nikasema nimetii kwa sehemu kubwa. Nikakichoma kiduha chote kwenye mtaro.

Damari alikuja baada ya Pasaka. Alihesabu. Mistari mingine alikuta mamia. Namba saba alikuta vitatu. Akakaa chini palepale kwenye vumbi akalia kwa furaha, akanikumbatia. Ningesema nini? Nilimwambia mbegu ni nzuri.

Ndiyo hiyo namba saba iliyompeleka Marekani.

11 Desemba

Mvua ndogo. Rahabu anasema nimekuwa mpole, labda ninaumwa.

19 Desemba

Mvua ya kupandia. Nimefanya jambo.

Kibuyu cha mbegu kinachokaa juu ya meko kina masuke ya namba saba, niliyaweka mwenyewe na majivu. Nimechukua jembe nikaenda shamba lile lile la njiani. Nimepanda mistari minne: namba saba, mtama wetu wa zamani, namba saba, mtama wetu wa zamani. Vigingi nimechonga. Safari hii sitagusa kiduha hata kama maandamano yatapita na askofu akiwa juu ya punda.

Nikiona namba saba imesimama safi peke yake, nitatia sahihi barua ya Damari kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Isiposimama, sijui.

Rahabu aliuliza mistari ile ya nini. Nikamwambia mbegu. "Mbegu ya kigingi?" akasema, akaenda zake.

3 Januari 2025

Mtama umeota vizuri. Kwelea kwelea bado.

14 Januari

Jua. Siku ya tisa bila tone. Nimekwenda kuangalia mistari mara tatu leo. Mtama haukui haraka kwa kutazamwa, lakini mzee ana kazi gani nyingine?

20 Januari

Bwana shamba Nathan alikuja na pikipiki, ile barua ya wakili wa Damari ameibeba kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mzee Melkiori. Naona majaribio yamerudi!"

"Marahaba. Hayajarudi, ni mzee anacheza."

Barua imeandikwa vizuri, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Mimi Melkiori Msengi nathibitisha kwamba nilitunza shamba kwa kufuata maelekezo yote, hakuna kiduha kilichoondolewa kabla ya kuhesabiwa. Chini mahali pa sahihi yangu, na mahali pa shahidi ambaye ni jirani.

Nikasema miwani yangu imevunjika. Nathan akaniangalia. Miwani ilikuwa puani.

"Hii ni ya mbali," nikasema.

Akaiacha barua. Wakili anaitaka kabla ya mwisho wa Machi.

21 Januari

Nimempelekea Calist barua. Calist ni kaka yake Rahabu, katekista, jirani yangu kwa miaka arobaini, na mdomo wake hauna mlango. Tunataniana tangu nilipomwoa dada yake. Nilidhani atatia sahihi kabla sijakaa, ili apate cha kutangaza kijijini.

Alisoma mpaka mwisho. Akaikunja akanirudishia.

"Shemeji, tafuta shahidi mwingine."

"Kwa nini? Hujui kuandika jina lako tena?"

"Najua."

Hakucheka. Calist! Mtu aliyewahi kucheka kwenye maziko ya mjomba wake. Nikaondoka na barua yangu. Nadhani anajua.

2 Februari

Mvua kubwa. Paa la jiko limevuja kwenye uji. Rahabu anasema uji umepata baraka.

9 Februari

Damari amepiga. Anauliza barua. Nikasema Nathan anashughulika. Nathan alipoulizwa akasema mzee anashughulika. Tunapigiana danadana kama viongozi.

Rahabu alisubiri simu ikatike.

"Baba Damari, sema ukweli. Hutaki apate hicho kibali."

"Nani kasema?"

"Goti langu limekufa, wewe meno yamekwisha, watoto wakubwa wote wako Mwanza. Unataka arudi atuchotee maji."

"Daktari wa mtama achote maji?"

"Nimekuuliza, usinipe maskhara."

Sikumjibu. Hapa nitajibu, kwa sababu ni karatasi. Siku ile ya Novemba, alipotaja ile barua, kabla hofu haijaniingia, kuna kitu kidogo kilifurahi. Kilisema, huyu mtoto akikwama atarudi. Kilikaa kama dakika moja. Nakijua kilipojificha.

23 Februari

Kiduha cha kwanza. Kimoja, mstari wa mtama wa zamani. Nilifurahi kama nimeona mgeni wa Pasaka. Namba saba haina kitu.

26 Februari

Vinane kwenye wa zamani. Namba saba safi. Nimekula ugali mara mbili. Rahabu amenipima joto kwa kiganja.

5 Machi

Leo Jumatano ya Majivu. Namba saba, mstari wa kwanza, vitatu. Mstari wa tatu, viwili.

Vitatu si kitu. Hata ile 2018 vilikuwa vitatu.

Ndiyo, lakini ile 2018 nilikuwa nimeng'oa.

15 Machi

Namba saba: kumi na tisa. Wa zamani: sitini na zaidi, sijamaliza, mgongo.

22 Machi

Namba saba thelathini na moja. Sitaki kwenda tena shamba. Nimekwenda.

28 Machi

Nimetia sahihi.

Damari alipiga akilia. Si kilio cha kelele, ile sauti ya mtu anayejizuia. "Baba, nimekukosea nini? Kila mtu amenipa barua. Maprofesa ambao hawajui nyumbani kwetu ni wapi wameniandikia. Baba yangu mwenyewe anapoteza miwani." Rahabu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na sikutaka kujua mwiko ule ulikuwa wa kupikia au wa nini.

Nathan akaja, nikatia sahihi. Mahali pa shahidi ametia Nathan mwenyewe, ingawa si jirani. Akapiga picha, akatuma papo hapo. Jambo la miezi miwili limeisha kwa muda wa kunawa mikono.

Rahabu amechinja kuku. Sikumaliza hata kipapatio.

6 Aprili

Calist alitangaza kanisani: Jumapili ijayo maandamano ya matawi yataanzia kwenye mti wa msalaba, watu wenye mashamba ya njiani wayasafishe, tusimpokee Bwana katika magugu. Maneno yale yale ya kila mwaka. Alipoyasema alinitazama, akaangusha macho kwenye karatasi yake.

Baada ya misa alinifuata.

"Shemeji, mwaka ule ni mimi niliyetangaza."

"Mwaka upi?"

"Usinifanye mjinga. Niliona majivu kwenye mtaro. Nilikuwa mbele ya maandamano na msalaba mkononi, nikaona mstari mmoja safi na nyuma yake zambarau tupu. Nikajua. Nikanyamaza kwa sababu tangazo lilikuwa langu."

Miaka saba! Huyu mtu ambaye nikinunua shati jipya Kinyangiri nzima inajua kabla sijafunga vifungo. Nimemdharau kwa miaka arobaini kwa mdomo wake, kumbe ana chumba ndani chenye kufuli.

"Na kwa nini hukutia sahihi?"

"Mimi ni katekista, Melkiori. Naweza kunyamaza. Kuandika siwezi."

8 Aprili

Damari amesema wakili atatuma maombi Jumatatu ijayo, kule kwao mchana. Anafurahi. Ameweka nywele mpya.

13 Aprili, Jumapili ya Matawi

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Asubuhi sikwenda kanisani. Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya shamba langu, nimevaa koti la Krismasi, nikasubiri maandamano. Mistari yote minne ilikuwa imechanua. Ule wa kwanza, namba saba, ulikuwa na zambarau ya kutosha mtu yeyote kuiona. Nilikuwa nimepewa wiki nzima ya kuing'oa na mikono yangu iliwasha kila siku.

Wakaja. Niliwasikia kwanza, halafu matawi yakatokea juu ya mtama wa watu. Calist mbele na msalaba. Wanawake wa kwaya wakaona shamba, wimbo ukapungua upande mmoja ukabaki mwingine. Mmoja akamgonga mwenzake kwa kiwiko. Kijana mmoja wa kwaya ya vijana akasema, bila hata kushusha sauti, "Mzee Melkiori mwaka huu amelima maua." Wakacheka. Nilitaka kumjibu, majibu ninayo matatu mazuri, lakini nikavua kofia tu kwa ajili ya msalaba.

Rahabu alikuwa katikati ya kina mama. Alipita akitazama mbele kama hanijui. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea.

Walipopita niliingia shambani nikahesabu. Nilihesabu kwa mawe, jiwe moja kila kumi, kama tulivyofundishwa na Damari. Mistari miwili ya mtama wa zamani: mia tatu ishirini na sita. Mistari miwili ya namba saba: mia moja na nne.

Kwa hiyo si uongo mtupu. Mbegu ya mwanangu ina nguvu, inapunguza kiduha kwa kiasi kikubwa. Lakini haikifukuzi. Ule muujiza ulikuwa wangu.

Saa tisa alasiri, kule asubuhi, nikampigia mimi. Rahabu alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua choroko, amenigeuzia mgongo.

"Shikamoo baba! Leo umenipigia wewe? Kuna nini?"

"Marahaba. Mama yako mzima. Mwanangu, ile barua niliyotia sahihi ni ya uongo."

 Nikaeleza yote. Maandamano, tangazo, mstari wa njiani, mtaro. Nilieleza vibaya, nikarudia rudia, nikasema samahani katikati kisha nikaendelea. Mgongo wa Rahabu uliacha kutikisika, choroko zikaacha kulia kwenye ungo.

 Nikadhani mtandao umekatika. Niliona uso wake umesimama.

"Damari?"

"Nipo." Kisha, "Mwaka huu umepanda?"

"Nimepanda. Mistari minne."

"Umehesabu?"

"Leo."

"Niambie."

Nikamwambia. Akauliza urefu wa mistari, nafasi kati ya mashina, tarehe ya kupanda, mvua. Aliuliza kwa sauti kavu kabisa, kama karani, nami nikajibu kama mshitakiwa. Alikuwa akiandika, nilisikia kalamu. Mwishoni kalamu ikaacha.

"Miaka saba, baba. Nimesimama mbele ya watu miaka saba nikisema vitatu. Yule profesa nilimjibu kwa dharau. Niliandika kwamba labda hajui kuhesabu."

"Mwanangu..."

"Usiseme kitu sasa hivi. Naomba."

Akakata.

Rahabu akageuka. Nilijiandaa kwa matusi, anayo mengi ya Kinyiramba yasiyo na tafsiri. Akasema, "Ungeniambia mimi kwanza, mzee mpumbavu wewe. Tungebeba wawili." Akarudi kwenye choroko zake.

Ninachoogopa kuandika ni hiki: sijui kama nimesema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu nataka arudi. Nimejipekua siku nzima. Naona vyote viwili vimekaa benchi moja.

14 Aprili

Simu haikulia.

17 Aprili, Alhamisi Kuu

Simu haikulia. Calist amekuja, amekaa, hakutania, ameondoka.

20 Aprili, Pasaka

Damari amepiga kumsalimia mama yake. Mimi nilipewa simu mwisho.

"Nimezuia maombi," akasema. "Na nimewaandikia wenye jarida lililochapisha hesabu zangu wasahihishe. Nimemwandikia na yule profesa."

"Amesemaje?"

"Amesema asante. Basi. Hiyo imeniuma kuliko angenitukana."

"Na kibali?"

"Bila namba saba sifiki juu wanakotaka. Mkataba unaisha wiki ijayo, narudi. Njia haijafungwa, baba, mtu anaweza kuomba hata akiwa Kinyangiri. Lakini aombe na kitu cha kweli."

"Nikuandikie barua nyingine? Niseme ni mimi niliyeng'oa, si wewe?"

"Andika. Hiyo uandike kwa mkono wako, usiandikiwe."

Nimeiandika mchana huohuo. Imekuwa mistari sita. Calist ameisoma, akatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, akatia sahihi ya shahidi kwa herufi kubwa.

29 Aprili

Mvua za mwisho. Watu wanauliza kwa nini sing'oi kile kiduha kabla hakijamwaga mbegu. Nawaambia nakifuga.

6 Mei

Kiduha kinakauka lakini kimesimama. Nimezungushia miiba. Mbuzi mmoja alijaribu, nikamtupia kiatu.

11 Mei

Ameshuka jana mchana na sanduku moja. Nilidhani atakuja na mengi, miaka sita Marekani. Alimpigia mama yake magoti, wakashikana muda mrefu. Kwangu akasema, "Shikamoo baba," nikasema marahaba, tukabaki tunatazamana kama watu wa madukani ambao kila mmoja anangoja mwenzake atangulie. Mzaha wote niliokuwa nao tangu Novemba ulinikimbia. Rahabu akaokoa, akaita uji.

Akalala mpaka asubuhi. Leo baada ya misa, bila kubadili gauni la kanisani, akavaa viatu vyangu vya matope akachukua daftari.

"Twende."

Nikamfuata. Kwenye miiba akasimama akatazama mistari yote minne, mikavu, ya kahawia, na vijiti vya kiduha vimesimama katikati kama ndevu za mzee.

"Hakuna aliyegusa?"

"Hata mama yako."

"Wewe?"

"Nimehesabu tu. Kwa macho."

Akaingia. Akachuchumaa kwenye mstari wa kwanza, ule wa njiani, na nikaona mgongo wake ni ule ule wa 2018, ila sasa una mvi mbili shingoni. Watu waliokuwa wanarudi kutoka kanisani walipunguza mwendo kuangalia. Calist akawaambia wapite, kuna kazi.

"Baba, nenda ukasimame mwisho wa mstari," Damari akasema bila kugeuka. "Usiguse kitu."

Nikaenda nikasimama, mikono nimeiweka nyuma. Akaanza: moja, mbili, tatu. Nzi akanitua puani. Nikamwacha.